Kamera Imerekodi Lakini Picha Haichezi: Tufanye Nini?

Somo la mwezi kwa vikundi vya kujisaidia



Mwezi huu tutajifunza juu ya kifaa ambacho kimeingia vijijini kwetu haraka kuliko tulivyodhani, yaani kamera ya ulinzi. Zamani ilikuwa kitu cha benki na maduka makubwa ya mjini. Siku hizi utaiona juu ya mlango wa stoo ya mahindi, kwenye mashine ya kusaga posho, kwenye boma la ng'ombe wa maziwa, hata kwa mama mwenye duka dogo. Tunachanga pesa, tunainunua, fundi anaifunga. Anatuonyesha picha kwa simu, tunafurahi, naye anaenda zake. Halafu siku moja kitu kinapotea. Sote tunakimbilia kamera, na picha haichezi.

Hapo ndipo maneno huanza. Kwa hiyo, kabla ya kuingia katika mambo ya ufundi, nawaomba katibu asome kisa hiki kwa sauti, na wengine wasikilize.

KISA CHA MAGUNIA KUMI NA MOJA

Kikundi kimoja ninachokitembelea katika kazi yangu kina stoo ya mahindi. Wanachama huweka mavuno yao pamoja wakingojea bei ipande. Walinunua kamera moja ya kutumia memori kadi, wakaifunga chini ya paa ikitazama mlango na uwanja. Pia waliajiri kijana wa kulinda usiku.

Asubuhi moja ya Ijumaa kijana huyo alimwambia mwenyekiti, "Mzee, usiku nimesikia mlio pale stoo, kama saa nane hivi. Nilienda nikaangalia, kufuli iko sawa." Mzee akaona ni vyema magunia yahesabiwe. Yakahesabiwa mara mbili. Kumi na moja hayakuwepo.

Basi wakatafuta rekodi. Kijana wa katibu, ambaye amesomea kompyuta, alifungua siku ya Alhamisi akaenda hadi 08:00. Hakuona kitu ila kuku. Akaenda 20:00. Hakuna kitu. Akaitoa kadi akaitia kwenye kompyuta. Faili likafunguka, lakini ilikuwa sauti tu na giza tupu. Mtu mmoja akasema, "Huyu askari amefuta." Neno hilo moja lilitosha. Kabla ya saa sita mchana yule mlinzi alikuwa ameambiwa aende kwao, tena bila mshahara wa miezi miwili aliokuwa anadai.

Mimi niliitwa Jumapili nisaidie kupatanisha. Nilianza kwa kumtembelea kijana nyumbani kwao. Aliniambia, "Mama, mimi hata hiyo kamera sijui inashikwa wapi. Waseme nililala, sawa. Lakini wasiseme nimefuta."

Mimi si fundi wa kamera. Diploma yangu ni ya kazi ya jamii. Lakini kamera ya ofisi yetu ilikuwa imenisumbua mwaka mzima, nikawa nimejifunza kwa kuumia. Kwa bahati kadi ilikuwa bado kwenye droo ya katibu tangu ile Ijumaa. Tuliketi na kamati, tukafungua siku ya Ijumaa, si Alhamisi, na tukaenda 02:00, si 08:00. Tulitumia programu nyingine ya kuchezesha video. Picha ikaja. Saa 02:11 kijana anaonekana na tochi, anavuta kufuli, anazunguka stoo. Bati moja lililolegea linapigwa na upepo. Alikuwa amesema kweli tupu.

Tukarudi nyuma siku moja moja. Jumanne, 15:06, yaani saa tisa mchana, mlango unafunguliwa kwa ufunguo. Pikapu inarudi nyuma hadi mlangoni. Magunia yanapakiwa, kumi na moja. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja wa kamati. Jambo lake lilimalizwa kwenye mkutano wa kikundi na sitalieleza hapa.

Yule kijana aliombwa msamaha mbele ya watu, akalipwa miezi yake miwili. Walimrudishia kazi, akakataa. Aliniambia, "Mama, pesa nimepokea. Lakini pale kila mtu ameshaniita mwizi."

Tuyaangalie mambo haya. Kamera ilifanya kazi yake vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Watu hawakujua kuisoma, na kutojua kwao kulilipwa na mtu mwingine. Ndiyo sababu ya somo hili.

MAMBO MANNE YA KUTOFANYA

Picha isipocheza, kabla ya kujaribu lolote, kumbukeni makatazo haya manne.

1. Msikubali kufomati. Ukitia kadi au diski kwenye kompyuta, mara nyingine kompyuta inauliza kama unataka kuifomati ndipo uitumie. Maana ya kufomati ni kuitayarisha upya kana kwamba haina kitu. Jibu liwe hapana, kila mara. Diski iliyotoka kwenye mashine ya kurekodi mara nyingi imepangwa kwa namna ambayo Windows haiijui. Kompyuta ikisema haiioni, haimaanishi kwamba haina kitu.

2. Msiache kamera iendelee kuandika. Kadi ikijaa, kamera hufuta rekodi ya zamani kabisa na kuandika mpya juu yake. Kila siku mnayobishana, siku moja ya ushahidi inaliwa. Zimeni kamera, ndipo mtoe kadi. Kama mnaogopa kukaa bila ulinzi, tieni kadi nyingine.

3. Msirekebishe saa ya kamera kwanza. Kama saa yake ina makosa, andikeni kosa hilo kabla ya kuligusa. Nitaeleza sababu hapa chini.

4. Msitaje jina la mtu. Picha kutoonekana si ushahidi kwamba mtu ameifuta. Ziko sababu nyingi, na nyingi hazina mkono wa mtu.

HATUA YA KWANZA: SAA NA TAREHE

Nimeona rekodi nyingi zinazosemwa zimepotea, kumbe zipo, ila zinatafutwa mahali pasipo pake. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, kamera inahesabu kuanzia usiku wa manane hadi 23:59. Mwandikishe kijedwali hiki kwenye daftari la kikundi:

Saa moja asubuhi ni 07:00
Saa sita mchana ni 12:00
Saa nane mchana ni 14:00
Saa kumi na mbili jioni ni 18:00
Saa tatu usiku ni 21:00
Saa sita usiku ni 00:00
Saa nane usiku ni 02:00
Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00

Tena kuna jambo la tarehe. Sisi tukisema "usiku wa Alhamisi, saa nane," tunafikiria usiku ulioanza Alhamisi jioni. Lakini kamera hubadilisha tarehe saa sita usiku. Kwa hiyo saa nane ya usiku huo iko katika faili la Ijumaa. Hapo ndipo wenzetu walipokosea mara mbili kwa swali moja, saa na siku.

Halafu muulize kama saa ya kamera yenyewe ni sahihi. Kenya iko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa 3. Kamera ikiachwa kwenye saa ya Greenwich, tukio la saa nane usiku litaandikwa 23:00 ya siku iliyotangulia. Kamera nyingi hutengenezwa China, na huko wako mbele yetu kwa saa 5. Kamera ikiachwa kwenye saa ya China, tukio lilo hilo litaandikwa 07:00. Ukiona mwaka 1970 au 2000, ujue kamera ilipoteza saa yake stima ilipokatika. Katika mashine kubwa ya kurekodi, sababu yaweza kuwa betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, ile iliyo bapa kama sarafu. Ikiisha, saa inaanza upya kila stima inapopotea. Fundi anaweza kuibadilisha kwa dakika chache.

Mfanye hivi: mtu mmoja asimame mbele ya kamera na simu yenye saa sahihi. Mwingine aangalie saa inayoandikwa kwenye picha ya kamera. Andikeni tofauti, mkitaja siku na dakika: "Kamera iko nyuma kwa saa 3 na dakika 4." Kwa tofauti hiyo mtahesabu saa ya kweli ya tukio lolote. Mkirekebisha saa kabla ya kuandika tofauti, hamtajua tena rekodi za zamani zilikuwa za saa ngapi.

HATUA YA PILI: JE, REKODI BADO IPO?

Tufanye hesabu kidogo. Tuchukue kamera inayoandika megabiti 2 kwa kila sekunde. Kwa saa moja itaandika kama MB 900. Kwa siku moja, usiku na mchana, itaandika kama GB 21.6. Basi kadi ya GB 64 itakaa siku tatu tu, na kadi ya GB 128 kama siku sita. Kamera nne za namna hiyo kwenye diski ya GB 1,000 zitakaa kama siku kumi na moja.

Kikundi kinachohesabu magunia mara moja kwa mwezi, na kadi yake inakaa siku tatu, kimenunua pambo. Au mpate kadi kubwa, au mhesabu mali mara nyingi zaidi.

Pengine kamera yenu hurekodi pale tu inapoona kitu kinasogea. Hiyo inaokoa nafasi, lakini itakuwa na mapengo. Saa 01:10, kisha 03:40, katikati hakuna kitu. Pengo hilo si lazima liwe limefutwa. Huenda hakuna kilichosogea, au mtu alipita mbali, au stima haikuwepo. Mashine nyingi za kurekodi zina orodha ya matukio ambayo huonyesha ilizimika lini na kuwaka lini. Isomeni kabla ya kumshuku mtu.

HATUA YA TATU: SAUTI IPO, PICHA NI GIZA

Hili ndilo lililotokea kwenye kompyuta ya katibu. Video ni kitu kikubwa, kwa hiyo kamera huibana ili ienee. Iko namna ya zamani ya kubana inayoitwa H.264, ya mwaka 2003, na namna mpya zaidi inayoitwa H.265, ya mwaka 2013. Ile mpya hutumia nafasi ndogo zaidi. Lakini si kila kompyuta inajua kuifungua. Kompyuta nyingine za Windows huleta sauti bila picha, au zinakuambia ununue nyongeza.

Dawa yake ni rahisi. Tafuteni programu ya VLC. Ni ya bure, iko ya kompyuta na iko ya simu, na inafungua namna zote mbili. Jihadharini tu muitoe kwenye tovuti yake yenyewe au kwenye duka la programu la simu.

Kama VLC inafungua lakini picha inakwama, huenda kompyuta ni ya zamani na kazi hiyo inaizidi nguvu. Jaribuni faili hilo hilo kwenye simu mpya ya mmoja wenu. Ama mtumie programu ya bure iitwayo HandBrake kutengeneza nakala ya H.264, ambayo ni nyepesi. Faili la kwanza lisifutwe kamwe.

HATUA YA NNE: FAILI LA AINA NGENI

Mafaili mengi ya video jina lake linaishia na .mp4 au .avi. Lakini mashine nyingine za kurekodi zina aina zake, kwa mfano .dav au .264. Simu ikisema haitambui, msifikiri limeharibika. Kwanza mjaribu VLC. Ikikataa, tumieni programu ya kuchezesha inayotolewa na mtengenezaji wa mashine hiyo. Mara nyingi, unaponakili rekodi kutoka kwenye mashine, inakuuliza kama unataka na programu hiyo iwekwe pamoja kwenye flashi. Kubalini. Mashine nyingine hukupa pia nafasi ya kuchagua .mp4.

Kamera nyingine hufunga rekodi kwa namba ya siri. Hizo huchezwa katika programu yake ya simu tu, kwa kutumia ile namba. Mara nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko kilicho juu ya kamera yenyewe au kwenye boksi lake. Kwa hiyo boksi lisitupwe wala kupewa watoto wachezee.

HATUA YA TANO: PICHA INARUKA NA KUKWAMA

Mtu yuko mlangoni, mara ameshafika getini, katikati hakuna hatua. Kama mnaangalia kwa simu kupitia mtandao, kosa laweza kuwa la mtandao tu. Rekodi iliyoko ndani ya kadi ni nzima, lakini inafika kwenu vipande vipande. Msihukumu rekodi kwa kuiangalia kwa bando dhaifu. Inakilini kwanza kwenye kompyuta, halafu mcheze nakala. Fahamuni pia kwamba kamera nyingi hutoa picha mbili kwa pamoja, moja nzito ya kuhifadhi na moja nyepesi ya simu. Ile nyepesi uso hautambuliki. Tafuteni ile nzito.

HATUA YA SITA: FAILI LILIKATIKA STIMA ILIPOPOTEA

Hapa tuelewe kitu kimoja. Faili la .mp4 ni kama kitabu ambacho orodha ya kurasa zake huandikwa mwisho. Stima ikikatika kamera ikiwa katikati ya kuandika, kurasa zipo lakini orodha haikuandikwa. Mkifungua, kompyuta inasema faili ni bovu.

Angalieni ukubwa wake. Kama ni KB 0, hakuna kitu ndani, msipoteze nguvu. Lakini kama lina mamia ya MB, picha zimo. Ipo programu ya bure inayoitwa untrunc, ambayo huchukua faili zima kutoka kamera hiyo hiyo, ikajifunza mpangilio wake, ikatengeneza lile lililokatika. Kazi hii mpeni kijana anayejua kompyuta, na mpeni nakala, si kadi yenyewe. Faili la .avi lenye shida ya namna hiyo, VLC yenyewe mara nyingi hujitolea kulitengeneza.

Kwa siku zijazo, pangeni kamera ikate rekodi katika vipande vifupi kama inaruhusu. Stima ikipotea, mtapoteza kipande kimoja tu. Na wenye uwezo waweke betri ya akiba au sola, maana mwizi naye anajua kuzima stima.

HATUA YA SABA: KADI YENYEWE

Memori kadi huchakaa. Kila sehemu yake ina kikomo cha mara inazoweza kuandikwa, kisha inachoka. Kamera inaandika usiku na mchana, kwa hiyo kadi ya kawaida ya simu inachoka mapema. Ziko kadi zilizotengenezwa kwa kazi ya kamera, zenye kustahimili. Zina bei zaidi kidogo lakini ni nafuu mwishoni. Kadi ikianza kukataa kufutwa au kuandikwa, huo ni mlio wa kifo. Nakilini yaliyomo siku hiyo hiyo.

Halafu iko shida ya kadi bandia. Imeandikwa GB 128 juu, kumbe ndani ni GB 8. Kamera inaandika bila kulalamika, na kila kinachopita GB 8 ni takataka. Majina ya mafaili yanaonekana, lakini hayafunguki. Kadi mpya ipimwe kabla ya kutumiwa. Kwa kompyuta ya Windows iko programu ya bure iitwayo H2testw. Inajaza kadi nzima na kuisoma tena. Yaweza kuchukua saa kadhaa, lakini itakuambia ukweli. Msiipime kadi yenye rekodi mnazozihitaji.

Na kama mtu tayari amefomati kadi kwa makosa? Msiandike tena chochote juu yake. Itoeni, muiweke kando. Programu ya bure iitwayo PhotoRec inaweza kurudisha baadhi ya mafaili, nayo yahifadhiwe kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ile ile. Haifaulu kila mara, lakini nafasi ipo ikiwa hamjaandika juu.

KWA WENYE MASHINE YA KUREKODI

Vikundi vyenye kamera nyingi hutumia mashine yenye diski, ile mafundi wanaiita DVR. Msifungue diski na kuipeleka kwenye kompyuta. Tieni flashi kwenye mashine yenyewe, mchague kamera, siku na saa, mnakili hapo hapo. Mashine nyingi hutaka flashi ya mpangilio wa FAT32, na mpangilio huo haupokei faili moja lililozidi GB 4. Kwa hiyo nakilini nusu saa nusu saa. Mkisikia diski inagonga tik-tik, zimeni mashine na mumwite fundi. Kila dakika inayozunguka inaweza kuzidisha madhara.

KUHIFADHI USHAHIDI

Picha ikishapatikana, kazi haijaisha. Tengenezeni nakala mbili kwenye flashi mbili. Kadi ya kwanza iwekwe kwenye bahasha, ifungwe, iandikwe siku, saa na majina ya waliokuwepo. Fanyeni kazi na nakala.

Jambo likifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inazungumzia cheti kinachoandamana na rekodi ya kompyuta. Cheti hicho hueleza rekodi ni ipi, ilitolewaje na kwa kifaa gani, na hutiwa sahihi na mtu mwenye madaraka juu ya kifaa hicho. Basi kikundi kiamue mapema ni nani huyo, na kiandike kwenye kumbukumbu za mkutano. Ile tofauti ya saa mliyoiandika nayo itahitajika hapo, maana wakili wa upande wa pili atauliza.

Msiitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida. Hubanwa na kupoteza ubora. Kama ni lazima kutuma, itumeni kama hati. Lakini zaidi ya yote msiisambaze. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda sura ya mtu, hata mtu tunayemshuku. Wekeni kibao kinachosema kwamba mahali hapa pana kamera, na msiielekeze kwenye nyumba ya jirani wala njia ya choo.

KAZI YA NUSU SAA KILA MWEZI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chagueni watu wawili, mmoja asiwe wa kamati. Kila mwezi, siku ya mkutano, wafanye haya mbele ya wanachama:

1. Walinganishe saa ya kamera na ya simu, waandike tofauti, ndipo warekebishe.
2. Wachague saa yoyote ya usiku wa juzi, wachezeshe rekodi dakika mbili. Isipocheza, mmeijua shida kabla ya mwizi.
3. Waangalie rekodi ya zamani kabisa ni ya siku gani, ili mjue mnahifadhi siku ngapi.
4. Wanakili faili moja kwenye flashi na kulifungua kwenye kompyuta nyingine.
5. Wapanguse kioo cha kamera. Utando wa buibui usiku hung'aa na kufunika picha yote.
6. Wabadilishe neno la siri la kiwandani kama bado liko, na lijulikane na watu wawili tu.

MASWALI YA KUJADILIANA

Gawanyikeni katika vikundi vidogo vya watu watano, mjadiliane kwa dakika ishirini, kisha mlete majibu.

1. Katika kisa, ni nani alikosea? Orodhesheni makosa, kuanzia dogo hadi kubwa.
2. Kwa nini watu walimshuku mlinzi na si mwenye ufunguo? Je, kwetu tuna tabia hiyo?
3. Mshahara wa miezi miwili ulizuiwa bila kusikilizwa. Kikundi chetu kina utaratibu gani mtu akishukiwa?
4. Kamera yetu, au ya jirani yetu, inahifadhi siku ngapi? Ni nani anajua kwa hakika?
5. Mwezi huu tutafanya nini, nani atafanya, na lini?

Jibu la swali la tano liandikwe kwenye daftari na lisomwe mkutano ujao. Wenye kamera waje nayo kadi, tuifungue pamoja. Kuuliza si ujinga. Mwanachama asiyejua 02:00 ni saa ngapi na aulize leo, kuliko kunyamaza mpaka siku mtoto wa mtu anafukuzwa kazi.